Je, Mbio Zimo Katika Damu?

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walinena wahenga. Na walimu wengi wa michezo katika shule zetu za sekondari wameifanya methali hiyo kuwa kanuni ya biolojia. Yakaribiapo mashindano ya UMISSETA, kijana ambaye baba yake aliwahi kuuwakilisha mkoa huitwa mazoezini hata kabla hajavua viatu vya darasani. Mwenzake asiye na jina hubaki kushangilia kando ya uwanja. Nadai kwamba uteuzi wa namna hiyo hauna msingi katika sayansi, ijapokuwa sayansi haikatai kwamba vipaji hurithiwa.

Tuutazame ukoo mmoja wa majirani zetu wa Kenya. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Daniel Rudisha alikuwa miongoni mwa Wakenya wanne waliopata medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Mkewe naye alikimbia mita 400 za kuruka viunzi. Mwana wao David, aliyezaliwa mwaka 1988, alishinda mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia. Akashinda tena Rio de Janeiro mwaka 2016.

Waonao hayo husema: damu hiyo! Lakini David alipokea nini hasa kwa wazazi wake? Alipokea jeni, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Alipokea pia nyumba yenye medali ya Olimpiki, na wazazi waliojua mazoezi ni nini. Mambo hayo mawili yalimfikia mtoto yule yule kwa njia ile ile, na hakuna awezaye kuyatenganisha kwa kuutazama ukoo mmoja tu. Tena, David alianza kwa kukimbia mita 400 kama baba yake. Aliyemshauri ajaribu mita 800 ni Bruda Colm O'Connell, raia wa Ireland aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ya kuwa na ujuzi wa riadha.

Kosa hili lina ndugu yake, nalo ni kuhukumu kwa asili ya mtu. Nilipokuwa nikisomea udaktari ng'ambo, wenyeji waliposikia kwamba natoka Afrika Mashariki waliniuliza hukimbia mita elfu kumi kwa dakika ngapi. Mimi ambaye hupumzika nikipanda ngazi za maktaba.

Hata hivyo, uko ukoo ambao kwao neno "damu" ni kweli kabisa. Eero Mäntyranta wa Finland alipata medali saba za Olimpiki, tatu za dhahabu, katika mbio za kuteleza juu ya theluji kati ya mwaka 1960 na 1968. Kwa kawaida figo hutoa homoni iitwayo erithropoetini, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo hujishikiza kwenye kipokezi juu ya chembe changa za uboho, na mkia wa kipokezi hicho hufanya kazi ya breki. Mwaka 1993 wataalamu walieleza kwamba katika ukoo wa Mäntyranta badiliko dogo katika jeni moja limeukata mkia huo. Breki haipo, chembe nyekundu huwa nyingi kupita kiasi, na oksijeni ifikayo kwenye misuli huongezeka. Kati ya jamaa 97 waliochunguzwa, 29 walikuwa na hali hiyo. Mpwa wake, Pertti Teurajärvi, alipata dhahabu mwaka 1976. Lakini walio wengi kati ya hao 29 hawakuwa mabingwa wa mchezo wowote. Jeni walikuwa nayo, mazoezi hawakuyafanya.

Na jeni ya namna hiyo ni adimu mno. Kwa watu wengi urithi hufanya kazi kwa siri zaidi. Katika Amerika ya Kaskazini, miaka ya 1990, watu 481 wa familia 98, wasiokuwa na desturi ya mazoezi, waliendeshwa baiskeli za kusimama kwa majuma 20. Uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa wastani wa karibu mililita 400 kwa dakika; lakini wengine hawakupata karibu chochote, na wengine walipita lita nzima. Ndugu wa familia moja walielekea kufanana. Jambo kubwa kwa mwalimu ni kwamba kiwango cha siku ya kwanza hakikutabiri nani angefaidika. Kinachorithiwa, basi, ni pamoja na namna mwili unavyoitikia mazoezi, na hicho hakionekani kwa asiyepewa mazoezi.

Kwa hiyo napendekeza wanafunzi wote wa kidato cha kwanza wapimwe mita 1500 mwanzoni mwa muhula, wafanyishwe mazoezi yale yale siku tatu kwa juma, kisha wapimwe tena baada ya majuma 12. Darasa la biolojia lichore grafu: muda wa kwanza kwenye mstari wa mlalo, sekunde zilizopunguzwa kwenye mstari wa wima. Saa yenye mshale wa sekunde na daftari moja vyatosha, na orodha ya timu iandikwe baada ya kipimo cha pili.