Redio ya Babu Haina Zebaki, Ina Namba

KUTOKA NYANDA ZA JUU
Na Tumaini Mwasomola

Uvumi wa zebaki nyekundu hauzeeki. Unapotea, halafu unarudi umebadili shati: leo zebaki imo kwenye redio ya mbao, kesho kwenye cherehani, keshokutwa kwenye televisheni yenye mgongo. Mwaka 2009 uliitikisa Saudi Arabia, cherehani kuukuu za Singer zikapanda bei ghafla. Huku kwetu Ilomba, Mbeya, anakuja mtu wa suti, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna mzee mwenye redio ya mkoloni. Anataja mamilioni. Anaeleza na vipimo vyake: zebaki hiyo eti hukimbia kitunguu saumu na huifuata dhahabu. Dhahabu ya kupimia, bila shaka, uilete wewe.

Hakuna zebaki humo. Ukifungua redio ya valvu utakuta vichupa vya kioo, na kila kimoja kina doa la rangi ya fedha kwa ndani. Doa hilo limewaponza wengi. Ni bariamu, iliyowekwa kiwandani ili inyonye mabaki ya hewa. Likigeuka jeupe, ujue hewa imeingia na valvu imekufa. Na huo wekundu? Miaka ya 1930 Philips walikuwa wakipaka baadhi ya valvu zao rangi nyekundu. Rangi tu, basi.

Tapeli anastawi kwa sababu sisi wenye redio hatujui kuzisoma. Yeye ana hadithi, sisi hatuna ya kumjibu. Akishashindwa yeye, anafuata mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye hadanganyi mtu: anaweka kwenye mizani, analipa kwa kilo, anaondoka. Kati ya hao wawili, urithi wa nyumba nyingi za Mbeya na Iringa unakwisha bila hata kuandikwa jina.

Na jina lipo. Kusema "ni Philips" tu ni sawa na kufika Tukuyu ukamuulizia Mwakyusa: utaulizwa yupi. Geuza redio. Mwaka wa kutengenezwa huandikwa kwa nadra, lakini kifuniko cha nyuma au bati la ndani huwa na namba ya modeli, na mara nyingi jina la nchi. Andika vyote viwili kabla karatasi haijaliwa na mende.

Kisha soma valvu. Kwa zile za Ulaya, herufi ya kwanza inakuambia redio iliishi nyumba ya namna gani. D ni ya betri, volti 1.4. Ukikuta DK96, DF96, DAF96 na DL96 zimekaa pamoja, hiyo ni redio ya miaka ya 1950 iliyokusudiwa nyumba isiyo na umeme. E ni volti 6.3, na redio za namna hiyo nyingi zilitumia umeme wa ukutani kupitia transfoma. U nayo ni ya umeme, ila mara nyingi haina transfoma, na bati lake la ndani linaweza kukurusha. Usiichomeke ili kuona kama bado inaimba. Mpelekee fundi.

Redio za transista nazo zina lugha yake. OC44, OC45, OC71 na OC72 ni germaniamu, za mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960. Mjapani huandika 2SA, 2SB, 2SC. Kwa National, modeli inayoanza na R haina FM, RF inayo, RX ni redio kaseti.

Halafu kuna kioo cha stesheni. Redio iliyouzwa Ulaya kwa kawaida ina masafa marefu na majina kama Hilversum na Luxembourg. Iliyoletwa kwetu huacha masafa marefu, ikaongeza masafa mafupi, na pengine mita 60 na 90, ambazo zilitengwa kwa nchi za joto. Sababu inaeleweka. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na masafa ya kati hayafiki umbali huo mchana. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na hata ilipokuja Radio Tanzania mwaka 1965, mtu wa Nyanda za Juu alihitaji masafa mafupi, waya mrefu na mti wa kuufungia.

Majuzi nilimkuta fundi mmoja hapa Ilomba amefungua National ya betri nne. Ndani kulikuwa na vumbi, mende wakavu, na waya mwekundu uliochomelewa kienyeji kutoka kwenye nafasi ya betri na kutokeza nje kwa tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Mwenyewe alikuwa akipanga betri chovu sita ndani ya kipande cha mwanzi badala ya kununua mpya nne. Fundi alikuwa tayari kuung'oa ule waya asafishe. Nilimwomba auache. Namba ya modeli utaikuta kwenye redio nyingine elfu nyingi. Waya ule unaeleza bei ya betri na mfuko wa mkulima, na uko kwenye redio ile tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wa Ulaya. Wao wanatamani mbao iliyong'arishwa na valvu nzima. Hizo wanazo, na vitabu vyake wanavyo. Sisi tukiwaiga tutakuwa wa mwisho kwenye foleni yao. Cha kwetu ni redio ya plastiki iliyoungwa Arusha katika kiwanda cha Philips, au Dar es Salaam kwa Matsushita, waliotengeneza National na betri zake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi, maji na vyoo. Redio za aina hiyo ndizo zilizokuwa katikati ya vikundi. Hakuna aliyefikiri kuzitunza, kwa kuwa zilikuwa kila mahali.

Ipo nyingine ninayoitafuta. Mwaka 1949 kampuni ya betri ya Ever Ready ilitengeneza redio ya bei nafuu kwa wasikilizaji wa Lusaka, kwa msukumo wa Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Umbo lake lilitokana na sufuria ya alumini, ikapakwa rangi ya buluu, ikauzwa pauni 5. Vijana wa Rungwe walikuwa wakienda migodini Copperbelt miaka hiyo na kurudi na mizigo. Kama imebaki hata moja upande huu wa mpaka wa Tunduma, pengine inafugiwa vifaranga.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko hapahapa jijini, na kina wanafunzi wa umeme. Mafundi redio wazee nao wapo Ilomba, na kila mwaka wanapungua. Wakutanishwe kwa likizo moja, waende mtaa kwa mtaa, waandike modeli, nchi, valvu au transista, jina la kijiji na nani aliinunua kwa mazao gani. Redio ibaki kwa mwenyewe. Nakala ya daftari iende Makumbusho ya Taifa. Watakaosema haya ni mambo ya watu wasio na kazi wajue kwamba mikanda ya Radio Tanzania tunaiona hazina ya taifa. Mikanda hiyo inatuambia kilichosemwa Dar es Salaam. Nani alisikia, wapi, na kwa gharama gani, hayo yameandikwa mgongoni mwa redio.