Mkono wa Kushoto na Sindano ya Kufumia

Ndugu msomaji, tunayo ada mbaya sisi Waislamu, nayo ni kuisemesha dini maneno isiyoyasema. Mtu akiona jambo ambalo kwao hakulizoea, haoni haya kulipiga muhuri wa haramu, ili asiulizwe hoja. Leo nataka tuitazame ada hiyo katika jambo linaloonekana dogo, yaani kufuma kroshia. Nawe usiseme, "Haya ni mambo ya wanawake." Dhulma haina dogo.

Nalikuwa Same, nyumbani kwa jamaa zetu. Wengi wetu huku pwani tuna watu Upare, tangu reli ya Tanga ilipopita chini ya milima ile kabla ya vita vya 1914. Mji wa Same ni joto na vumbi, lakini ukipanda Mamba, kwenye mashamba ya tangawizi, baridi yake mtoto mchanga hafai kuachwa kichwa wazi. Alikuwapo binti wa miaka kumi aliyeteremka kutoka huko. Mama yake amejifungua, naye ataka kumfumia mdogo wake kofia. Binti huyu ni mashoto. Kila alipoishika sindano kwa kushoto, mama yake mdogo alimnyang'anya akaitia kuliani. Mara ya tatu alimpiga kofi la mkono, akamwambia, "Huo ni mkono wa shetani." Mtoto akaviringisha uzi wake, akautia kikapuni, wala hakuugusa tena siku zote nilizokaa.

Sasa tuulizane: ni nani aliyesema hayo? Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha tule na tunywe kwa mkono wa kulia, na akatuonya kwamba shetani hula na kunywa kwa kushoto. Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba alipenda kuanza kwa kulia katika kujitwaharisha, kuchana nywele na kuvaa viatu. Hayo tumeyasikia na tumeyatii, na mtoto mashoto naye afundishwe kula kwa kulia, kwa subira na si kwa fimbo. Lakini ni wapi palipotajwa sindano, au jembe, au nyundo? Dini hiyo hiyo imeupa mkono wa kushoto kazi yake, na ndio tuliofundishwa kustanjia. Na Sayyidna Umar bin Khattab, wanahistoria wamepokea kwamba alikuwa akitumia mikono yote miwili sawasawa. Je, nusu ya kazi zake tuzitupe?

Tena mtazame huyo anayekataza, anapofuma mwenyewe. Sindano iko kuliani, lakini uzi umeshikwa na mkono gani? Umeshikwa na kushoto, ndio unaokaza na kulegeza, na kitambaa chenyewe kiko humo. Ikiwa kushoto ni kwa shetani, basi kila kitambaa kilichotandikwa juu ya makochi yetu shetani ana fungu lake!

Watasema, "Tukimwachia kwenye kufuma, atakula nao." Hii ni hoja dhaifu. Mtoto huyo huyo tumemfundisha kuingia msikitini kwa mguu wa kulia na kuingia chooni kwa mguu wa kushoto, naye hachanganyi. Itakuwaje ashindwe kujua tofauti ya sahani na sindano?

Ukweli ni kwamba wengi hukataza kwa kuwa hawajui kumfundisha. Na kumfundisha si kazi. Usimkalishe ubavuni pako, mkalishe akuelekee. Mkono wako wa kulia utakuwa mkabala na wake wa kushoto, naye atakufuata kama anayejitazama kwenye kioo. Wewe mstari wako huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Wake utatoka kushoto kwenda kulia. Akifuma duara, kama kofia, atazunguka uendako mshale wa saa, na wewe huzunguka kinyume chake. Kofia itakuwa kofia ile ile. Penye hadhari ni kitambaa chenye maandishi, kama "Karibu". Mchoro wa vyumba vyumba wewe huanza kuusoma pembe ya chini kulia. Yeye aanzie pembe ya chini kushoto, ama sivyo herufi zitatoka zimegeuka. Hayo ndiyo yote. Kofi halimo.

Inakadiriwa kwamba katika kila watu kumi duniani, mmoja ni mashoto. Basi hesabu nyumba za mtaa wako, kisha hesabu mabinti walioambiwa hawana mkono wa kazi. Kufuma ni stara ya mwanamke: hukaa kwake, huuza vitambaa na kofia, hapigi hodi kwa mtu kuomba. Tukimkatia mlango huo kwa jina la dini, tumemnyima riziki na tumeisingizia dini. Na baya zaidi, tumemfanya mtoto auchukie mkono aliopewa na Mola wake, ambaye amekwisha kutuambia katika Suratul Baqara kwamba haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Ewe mama, na ewe shangazi, kitwae kikapu kile leo. Mwite binti yako, akae akuelekee, aseme Bismillahi, aanze kwa mkono alioumbiwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuijue dini yake kabla ya kuisemea. Amin.