Puti Si Chuma

Wako miongoni mwetu watu watengenezao motokaa kuukuu uani mwao kwa kuipamba tu. Hutwaa puti wakaibandika juu ya kutu, wakaisugua kwa msasa, wakaipaka rangi, kisha wakaita majirani waje waone kazi ya mikono yao. Wakiulizwa, hujitetea kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nasema wanaidhulumu methali. Kuziba ni jambo moja, na kufunika ni jambo jingine.

Tutwae mfano wa Peugeot 404, gari lililoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, likashinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari hili halina chesisi ya pekee, kama ilivyo kwa Land Rover ya kale. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, nguzo za milango na vizingiti vilivyo chini yake ndivyo vibebavyo uzito, na ndivyo vipambanavyo na kishindo magari yagonganapo. Kizingiti kilicholiwa na kutu kikajazwa puti hakibebi kitu. Niliwahi kuona jeki ikitiwa chini ya gari la namna hiyo, nalo linang'aa kama kioo. Gari halikuinuka, jeki ilipenya bati ikaingia ndani.

Kutu haifi kwa kufunikwa. Ipatapo unyevu na hewa huendelea kula chini ya rangi, na kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hufura hata ikaipasua rangi. Karibu na bahari, chumvi huizidishia kasi. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi!

Watasema: "Je, mwenye kipato kidogo asitengeneze gari lake nyumbani?" La, sikusema hivyo. Atengeneze, maana anacho kitu ambacho fundi wa kulipwa mara nyingi hana, nacho ni muda. Lakini aanze pasipoonekana. Aondoe mazulia, agonge sakafu na vizingiti, akate bati bovu mpaka afikie chuma kizima. Kabla ya kukata kizingiti alitegemeze gari, lisije likapinda hata milango isifungike. Bati jipya lichomelewe na mtu aijuaye kazi hiyo, betri na tangi la petroli vikiwa vimekwisha kutolewa. Kisha lipakwe rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Hapo ndipo puti ipewe kazi iliyo haki yake, yaani kusawazisha vibonde vidogo juu ya chuma kizima.

Mwenye kuficha kutu hajidhuru peke yake. Kesho atauza gari lile, na mnunuzi asiyejua kitu atapakia wanawe akashika njia. Mtu wa namna hiyo tusimwite fundi.