Mkataba wa Paris na jiko lako (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimeamka nikasema hii ya leo lazima niiandike. Niliposema nitaongelea mkataba wa mabadiliko ya tabianchi, mmoja wenu aliniuliza: "Nesi, hayo ya wakubwa yananihusu nini mimi na mwanangu?" Swali zuri. Naomba nilijibu kwa kuanzia wodini.

Mwezi uliopita tulipokea mtoto wa miezi tisa. Anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, ziwa halitaki. Niumonia. Tukamweka kwenye oksijeni, tukaanza dawa. Alipotulia nikakaa na mama yake. Anauza chakula karibu na stendi hapa Msamvu. Anawasha jiko saa kumi alfajiri, mtoto mgongoni, mpaka jioni. "Ningemwacha na nani, nesi?" Sikuwa na jibu.

Sisemi moshi peke yake ndio uliomlaza yule mtoto. Niumonia inaletwa na vijidudu. Ila mapafu yaliyovuta moshi kila siku hayana nguvu ya kupigana navyo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka 5 kwa niumonia vinahusiana na moshi wa majumbani. Hapa kwetu Serikali inakadiria watu zaidi ya 33,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya moshi huo huo. Na zaidi ya kaya 8 kati ya 10 bado tunapikia kuni na mkaa.

Sasa mkataba unaingiaje? Mkataba wa Paris ulipitishwa Desemba 2015. Tanzania ilisaini Aprili 2016 na kuuridhia mwaka 2018. Wapo wanaosema tumeingizwa mjini: Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia, sasa tunasaini ya nini? Mimi naona kinyume chake. Aliyechafua kidogo na anayeumia zaidi ndiye mwenye sababu ya kukaa mezani. Mkataba unazitaka nchi tajiri zitoe fedha kuzisaidia nchi kama yetu, na utangulizi wake unataja haki ya afya na haki za watoto. Ukiwa nje, utamdai nani?

Na vipo tulivyopata. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, GCF, umetoa fedha kwenye mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, kule ambako ukame unajulikana. Benki yetu ya CRDB ilikubaliwa mwaka 2019 kupokea fedha za mfuko huo moja kwa moja, na mwaka 2021 ikapitishiwa mpango wa kuwakopesha wakulima.

Halafu kuna jiko. Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, Rais Samia alizindua mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi ya kupikia. Mei 2024 tukapata Mkakati wa Taifa: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Jambo la jikoni, ambalo miaka yote liliitwa la wanawake, likasemwa na marais mezani.

Mkutano huo huo, tarehe 30 Novemba, walikubaliana mfuko wa kusaidia nchi zilizopata hasara na madhara ya tabianchi uanze kufanya kazi. Siku tatu baadaye mvua kubwa ikamomonyoa Mlima Hanang, tope likashuka Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Rais alikatisha safari akarudi. Sisi tunaoishi chini ya Uluguru tuliielewa ile habari bila kuelezwa. Tunajua mlima ukivuliwa miti unafanya nini, na tunajua tope likijaa Bwawa la Mindu mabomba ya mjini yanakuwaje.

Lakini mama mwenzangu, sitakudanganya. Kusaini siyo kupona. Nimeingia nyumba nyingi hapa mtaani, mtungi wa gesi upo kwenye kona, umefunikwa kitambaa, hauna kitu tangu mwezi wa pili. Ulinunuliwa kwa furaha, ukaisha, hela ya kujaza haikupatikana kwa mkupuo, mama karudi kwenye mkaa wa kupima wa siku moja moja. Huyo ukimhesabu kama "ametumia nishati safi" utakuwa unajidanganya.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: faida ya mkataba isipimwe kwa mitungi iliyogawiwa wala hotuba zilizotolewa. Ipimwe kwa mama anayejaza mtungi mara ya tatu na ya nne. Tunayemtuma kwenda kudai fedha huko nje, adai ili tuweze kulipia gesi kidogokidogo kama tunavyonunua LUKU, na mama lishe wa stendi wawe wa kwanza kwenye foleni.

Wewe uliye nyumbani leo, fanya haya:

1. Kama bado unatumia mkaa au kuni, pikia nje au penye upepo, na mtoto asiwe mgongoni wala karibu na jiko.

2. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili mpate joto mkilala. Hewa yake haina harufu na inaua.

3. Mtoto akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani, akikataa kunyonya au akilegea, usisubiri asubuhi. Mlete.

4. Kikao cha mtaa kikiitishwa, nenda. Uliza: mpango wa nishati safi kwetu umefikia wapi, nani anapata, na kujaza itakuwaje?

Yule mtoto alipona, akaruhusiwa siku ya tano. Nilimwambia mama yake amweke mbali na moshi. Juzi nimepita stendi, nikamwona yuko palepale, anakoroga ugali, mtoto mgongoni. Akanisalimia kwa furaha kabisa. Nikamjibu, nikanunua chai, nikaondoka. Ushauri wangu ulikuwa sahihi, ila haukuwa na hela ndani yake. Mkataba ndio unapaswa kuwa nayo.

Sehemu ya saba tutaongelea mbu na mvua zinazochelewa. Mlale salama.