Mnyama Nyuma ya Wavu

Ndugu msomaji wa Hamugembe, mwanao akikusumbua kutaka kupiga picha wanyama, unaweza kuvuka ziwa. Meli ikiondoka Bukoba usiku, asubuhi mko Mwanza, na kisiwa cha Saanane ki karibu kabisa na mji. Jina hilo ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, mwaka 1964. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa.

Anzeni na pimbi, ambao asubuhi huota jua juu ya miamba, pamoja na mijusi wenye vichwa vyekundu. Hao hawana haraka. Chutama, lenzi iwe sawa na macho ya mnyama. Ukipiga kutoka juu utapata mgongo tu.

Penye wavu, nako ni wapi iwapo hapana kizuizi cha kukuweka mbali, isogeze lenzi hadi ikaribie kugusa waya, kisha ungoje mnyama arudi nyuma. Hapo waya hutoweka pichani. Taa ya kamera izimwe: hung'arisha waya na kumshtua mnyama.

Haya niliyajua baada ya kuharibu. Enzi za filamu nilikuwa na picha 36 tu, na binti yangu alitaka tumbili aliye kizimbani atutazame. Tumbili akatupa kisogo. Nami, nikihesabu gharama ya safari, nikautikisa wavu. Akageuka, nikapiga. Filamu iliposafishwa, waya ulionekana wazi kama mistari ya daftari, na nyuma yake meno. Binti akauliza, “Baba, tulimfanya nini?” Nikajifanya natafuta miwani.

Kusini mwa Muleba kuna kisiwa cha Rubondo. Huko, kati ya 1966 na 1969, waliachiliwa sokwe 17 waliotoka kwenye vizimba vya Ulaya. Wengi wetu tungedhani watakufa. Walizaana, wakarudia umwitu, na kwa miaka mingi wazao wao wakawa wagumu hata kuonekana, seuze kupigwa picha.

Binti yangu sasa ni mama. Picha ile bado anayo, na wanawe wakiiona huuliza swali lile lile.