Habari za Uhalifu Zisiishie kwa Kamanda

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili anaijua habari ya uhalifu kabla hajaifungua. Majambazi watatu wameuawa katika majibizano ya risasi na polisi. Bastola moja imekamatwa. Kamanda wa Polisi wa Mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo, miili imehifadhiwa hospitali na uchunguzi unaendelea. Au kibaka ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", watu wasio na majina wala mtaa, ambao hatujawahi kuwaona kizimbani kwa jina hilo. Kesho yake habari nyingine inachukua nafasi, na ule uchunguzi uliokuwa unaendelea haujulikani uliishia wapi.

Wapo wenzetu wanaosema ukurasa huo ni wa kuuzia gazeti tu, na kwamba uandishi wa maana uko kwenye siasa na uchumi. Hatukubaliani nao. Hakuna ukurasa unaomgusa mnyonge kama huo, na ushahidi wetu tunautoa mahali ambapo wengi hawatarajii, yaani Guangzhou, kusini mwa China.

Guangzhou tunaifahamu kwa mzigo. Ndiko wafanyabiashara wetu wanakofuata viatu, simu, vipuri na vitenge, wakifikia Xiaobei na Sanyuanli, mitaa ambayo mwafrika hapati shida ya kumpata mwafrika mwenzake. Katika kurasa za uhalifu za kwetu jina la mji huo hutokea kwa jambo moja tu: kijana fulani kanaswa na unga. Lakini mji huo huo ulitoa habari ya uhalifu iliyofuta sheria ya nchi nzima.

Sun Zhigang alikuwa na umri wa miaka 27, amemaliza chuo, mchoraji wa mitindo katika kampuni ya nguo. Kwao ni mkoa wa Hubei, na Guangzhou alikuwa hajamaliza mwezi. Jioni ya tarehe 17 Machi 2003 alitoka kwenda kutumia intaneti. Hakuwa na kibali cha muda cha ukaazi na kitambulisho alikiacha nyumbani. Polisi wakamchukua. Rafiki yake akakimbia kituoni na kitambulisho, akakataliwa kumdhamini. Sun akapelekwa kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji, kisha kwenye zahanati ya wazuiliwa, na tarehe 20 Machi alikuwa maiti. Kumbukumbu za pale zilisema moyo ulimsimama.

Kwa mtindo wetu habari ingekuwa imekwisha hapo: mzururaji afia mahabusu, uchunguzi unaendelea. Waandishi wawili wa gazeti la mji huo, Nanfang Dushi Bao, Chen Feng na Wang Lei, hawakuchukua kauli ya zahanati wakaenda nayo chumba cha habari. Walikwenda kwa familia. Walitafuta ripoti ya wataalamu wa uchunguzi wa maiti, nayo ilisema kijana alikufa kwa kipigo. Tarehe 25 Aprili 2003, China nzima ikiwa imeshikwa na hofu ya SARS, gazeti likatoa habari hiyo. Na jambo tunalolisifu zaidi ni kwamba hawakuuliza tu nani kampiga. Waliuliza pia kama alistahili kukamatwa hata kidogo.

Swali hilo la pili ndilo lililotikisa nchi. Mamilioni ya Wachina waliotoka vijijini kutafuta maisha mjini walijiona wao ndani ya habari hiyo. Wanasheria watatu wakaliandikia Bunge wakidai kanuni za mwaka 1982, zilizoruhusu kuwakamata watu wasio na kibali na kuwarudisha kwao, ziangaliwe upya. Mwezi Juni mahakama ikawatia hatiani watu 12 kwa kipigo kile, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2003 kanuni zenyewe zikafutwa. Ni kweli kwamba adhabu kubwa kabisa zilimwangukia mhudumu wa zahanati na mzuiliwa mmoja, na kwamba walioujenga mfumo ule hawakuguswa. Hata hivyo, kutoka kuchapishwa kwa habari hadi kufutwa kwa kanuni ni kama miezi mitatu tu. Nani anaikumbuka habari ya kwetu iliyofanya hivyo?

Na tusidhani hayo ni mambo ya Wachina. Mzee wa Kenya aliyevaa kipande shingoni enzi za Mwingereza angemwelewa Sun Zhigang bila mkalimani. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 1983, wakati wa operesheni ya Nguvu Kazi, wanakumbuka jinsi mtu alivyosombwa barabarani kwa kushindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi, akapelekwa kijijini kulima. Wangapi waliumia katika safari zile hatuwezi kusema, kwa sababu nani aliandika?

Turudi Guangzhou, maana gharama ilikuja. Mwaka 2004 mhariri mkuu wa gazeti lile, Cheng Yizhong, aliwekwa ndani miezi mitano bila kushtakiwa. Meneja wake, Yu Huafeng, alihukumiwa miaka 12, rufaa ikapunguza hadi minane, akatoka mwaka 2008. Tuhuma zilikuwa za fedha za ofisi. Dunia haikudanganyika, na mwaka 2005 UNESCO ikampa Cheng tuzo yake ya uhuru wa habari. Mmoja wa wale wanasheria watatu, Xu Zhiyong, alifungwa miaka minne mwaka 2014, na mwaka 2023 akapewa 14 mingine. Sisi tulioondoka kwetu kwa ajili ya kalamu tunayasoma haya tukijua kwamba lile kosa la fedha ni koti tu, na kila serikali ina fundi wake wa kulishona.

Je, kwetu haiwezekani? Iliwezekana. Januari 2006 polisi wa Dar es Salaam walitangaza kuwa wamewaua majambazi wanne katika majibizano ya risasi. Sentensi ni ile ile tuliyoanza nayo. Waliouawa walikuwa wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, na dereva teksi aliyewabeba. Ndugu wakapiga kelele, magazeti yakazibeba kelele zile badala ya kutosheka na tamko, Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikasema marehemu hawakuwa majambazi. Kesi ilichukua miaka. Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote Agosti 2009, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi peke yake. Kwa waliotarajia zaidi hiyo ni haki ya robo kibaba, lakini bila kelele zile marehemu wanne wangezikwa na jina la ujambazi, na watoto wao wangelirithi.

Cha kushangaza ni kwamba Waswahili si wageni wa kuhoji maelezo ya polisi. Mohamed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake si polisi. Ni raia anayekataa kuamini jibu jepesi. Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango, ambaye naye hapokei amri kituoni. Vitabu hivyo tulivisoma chini ya dawati darasani. (Wachina nao wana wao, Jaji Bao wa karne ya 11, aliyewahi kuwa mtawala katika mji unaoitwa leo Zhaoqing, jirani na Guangzhou. Katika maigizo yao hupakwa uso mweusi tii kuonyesha kwamba hapendelei mtu. Wauza duka wanaowaangalia weusi wetu kwa jicho la pembeni wangekumbushwa hilo.) Inakuwaje basi msomaji aliyelelewa na Bwana Msa alishwe kila asubuhi habari isiyo na swali hata moja?

Tazama zinavyoandikwa habari za Watanzania na Wakenya wanaokamatwa na dawa za kulevya China. Picha, jina, umri, kiasi cha kete, basi. Sheria ya China iko wazi, kwamba gramu 50 za heroini zinatosha kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo. Kwa hiyo nyuma ya kila kichwa cha habari pana mtu anayeweza kuuawa kwa hukumu ya mahakama na mama asiyejua amwulize nani. Hatumtetei aliyebeba. Tunauliza nani alimnunulia tiketi, nani alimpitisha uwanja wa ndege, na kwa nini huyo wa kwanza haonekani gazetini. Mwaka 2013 kazi hiyo ilifanywa na wafungwa wenyewe. Watanzania waliokuwa magerezani Hong Kong waliandika barua kwa mikono yao wakiwaonya wenzao, na padri aliyekuwa akiwatembelea, John Wotherspoon, akazisambaza hadi nyumbani. Barua za wafungwa zilitueleza kuhusu biashara hiyo mambo ambayo kurasa zetu za uhalifu hazikuwa zimeyatafuta.

Na siku mwafrika anapokuwa yeye ndiye marehemu, tunanyamaza kabisa. Juni 2012 Mnigeria mmoja aligombana na dereva wa pikipiki ya umeme Guangzhou kuhusu nauli, akachukuliwa kituoni, akafa humo baada ya saa chache. Waafrika waliingia barabarani kudai maiti yao. Polisi wakasema uchunguzi unaendelea.

Tunajua jibu la wahariri wa nyumbani: ninyi mko mbali, ni rahisi kusema. Hawakosei kabisa. Azory Gwanda, mwandishi aliyeliandikia Mwananchi kuhusu mauaji ya Kibiti, alichukuliwa na watu wasiojulikana tarehe 21 Novemba 2017. Hakuwa anaandika siasa. Alikuwa anaandika habari za uhalifu, nani kauawa, kijiji gani, lini. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha akasema hakueleweka vizuri. Mke wa Azory hajakabidhiwa mwili wala maelezo, na kamanda wa kuthibitisha tukio hilo hajapatikana hadi leo.