Wenye siber, musitulipishe muda wa kungojea

Huku Kivu wenye siber wengi wana jibu moja tu: « Rezo ni mbaya leo. » Mteja amelipa saa nzima, ukurasa unabaki mweupe, saa inaisha, anaambiwa alipe tena. Mama aliyekimbia vita na anayetafuta habari za watoto waliopotezana naye njiani hanunui starehe. Franka hizo zingenunua unga.

Tunakataa jibu hilo, kwa maana kosa linaweza kuwa ndani ya siber yenyewe.

Kila tovuti ina jina, lakini mashine hutafuta namba. Kazi ya kubadili jina kuwa namba ni ya seva za DNS. Pale penye proksi, ile mashine ya kati inayotunza kurasa, ni proksi inayouliza kwa niaba ya wote. Kama seva ya kwanza kwenye orodha yake imekufa, proksi inangoja kabla ya kuuliza ya pili. Kwa Squid, proksi inayojulikana sana, kungoja huko ni sekunde 5 kama hakuna aliyebadilisha. Na ukurasa mmoja unaweza kuita majina 10 au zaidi.

Dalili ni wazi. Ukurasa ukibaki mweupe muda mrefu kisha ukaja wote kwa ghafula, shuku DNS kwanza. Ukija polepole, kipande kwa kipande, hapo mega ni chache. Basi kununua mega zaidi ili kuponya DNS ni kununua gari jipya kwa sababu dereva hajui njia.

Kupima ni bure. Fundi akae kwenye mashine ya proksi, aulize kila seva ya orodha peke yake kwa amri ya dig, asome muda wa jibu. Isiyojibu aifute. Kisha aweke hapo hapo programu ya kutunza majibu ya DNS, ili jina lililoulizwa asubuhi lisivuke tena setilaiti, kilomita 36,000 juu, kila mteja anapolitaja.

Wengine watasema fundi ni ghali. Sawa, lakini leo gharama ya uzembe huo inalipwa na nani? Inalipwa na mkimbizi. Wenye siber, pimeni kwanza. Na mpaka mupime, dakika za ukurasa mweupe musizihesabu.